Neno "sana" katika Kiingereza: si kila mkazo una uzito mmoja



Miaka michache iliyopita niliombwa kutafsiri katika mkutano mmoja wa kanisa. Mgeni alikuwa mama kutoka Uingereza, aliyekuja kutazama kazi ya ujenzi wa madarasa. Komite ilisoma raporti yake, hesabu zikatajwa, kisha mgeni akasimama na kusema maneno machache. Alisema kwamba raporti ni "quite good". Mimi, kwa haraka na kwa furaha, nikatafsiri: "Raporti yenu ni nzuri sana." Watu wakapiga makofi, wamama wakapiga vigelegele.

Jioni mgeni aliniita pembeni. Aliniuliza kwa upole kwa nini watu walishangilia vile, maana yeye alikuwa amewaambia kwamba raporti inafaa kiasi, lakini bado kuna mambo ya kukamilisha. Wiki tatu baadaye barua ikafika yenye maswali juu ya bei ya mabati na saruji. Wazee wa komite wakaniuliza: "Si alisema ni nzuri sana? Mbona sasa anauliza?" Wengine walianza kumwona kama mtu wa ndimi mbili. Hakuwa hivyo. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kosa la neno moja dogo.

Tangu siku ile nimejifunza kuyaangalia vizuri maneno ambayo Waingereza wanatumia kutia mkazo. Nimeona ni vema niwashirikishe, kwa kuwa Kiingereza kinazidi kutukaribia. Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ndugu zetu wengi wanaishi Uganda kama wakimbizi, wengine wamehamia Marekani. Vijana wetu wanajifunza Kiingereza darasani, na zaidi katika filamu na simu. Katika makanisa mengi yuko mmoja anayeitwa kila mara mgeni anapofika: "Wewe unajua Kiingereza, njoo utafsiri." Nawaandikia huyo kwanza, na wote wanaomsikiliza.

Kila lugha ina namna yake

Sisi wenyewe tuna njia nyingi za kutia mkazo. Tunasema "nzuri sana", "nzuri kabisa", "nzuri ajabu". Tunarudia neno: "kweli kweli", "sana sana". Tunavuta sauti: mtu akikuonyesha kijiji na kusema "kuleee", unajua kwamba utatembea hata miguu iume. Tena tuna maneno mafupi yanayoshikamana na neno moja tu: nyeupe pe, nyeusi ti, kulala fofofo, kuloa chapachapa, kujaa pomoni. Hakuna anayesema "nyeupe fofofo". Kila neno lina mwenzake.

Kiingereza nacho kiko vivyo hivyo. Kuna maneno ya kawaida yanayofaa karibu kila mahali, kama "very" na "really". Kuna kurudia, "very, very", na kuna kuvuta sauti. Na kuna maneno yaliyooana na mwenzake. Aliyelala fofofo ni "fast asleep". Aliye macho kabisa ni "wide awake". Aliyeloa chapachapa ni "soaking wet". Giza totoro ni "pitch dark". Maneno haya hayafuati kanuni. Unayashika moja moja, kama mtoto wetu anavyojifunza "pe" na "ti".

Tofauti ya kwanza ni mahali pa neno. Sisi tunaweka mkazo nyuma: "mtu mzuri sana". Mwingereza anauweka mbele: "a very good man". Mwanafunzi anayesema "good very" ameleta Kiswahili chake ndani ya Kiingereza.

Tofauti ya pili ni kwamba "sana" yetu inafuata pia kitendo: "ninakupenda sana", "asante sana". Neno "very" peke yake halikai pamoja na kitendo. Lazima liseme "very much": "I love you very much", "thank you very much". Ukisema "I very love you", utaeleweka, lakini watu watatabasamu.

Kitendo kina mkazo wake mwingine pia, nao tunaufahamu kwa lugha yetu. Kiswahili kinasema: "Kusoma nimesoma, ila sikuelewa." Tumetaja kitendo mara mbili ili msikilizaji asiwe na mashaka. Mwingereza anatumia neno "do" au "did": "I did read it, but I did not understand." Neno "did" pale mbele halina kazi nyingine ila kusema: kweli nilisoma. Na katika kukana, "hata kidogo" yetu ni "at all": "I do not know him at all", simjui hata kidogo.

"Very" na "too": kosa linaloumiza

Hili ndilo kosa ninalolisikia mara nyingi kwetu. Watu wanadhani "too" ni "very" yenye nguvu zaidi. Sivyo. "Very" inasema kwamba jambo ni kubwa. "Too" inasema kwamba jambo limepita kiasi, nalo limekuwa tatizo. Chai ambayo ni "very hot" ni moto sana, lakini kwa subira utainywa. Chai ambayo ni "too hot" hainyweki. Mzigo ulio "very heavy" ni mzito, lakini labda utaubeba. Ulio "too heavy" umekushinda.

Tunakosea kwa sababu mbili. Kwanza, neno letu "mno" linafanya kazi zote mbili, na mara nyingi msikilizaji anajua maana kwa sauti na kwa uso wa msemaji. Pili, wengi wetu tumesoma kwa Kifaransa. Kifaransa cha shule kinatenganisha "très" na "trop" sawasawa na Kiingereza, lakini vijana wa siku hizi wanasema "trop bon" wakimaanisha kitamu sana. Tukihamisha mazoea hayo katika Kiingereza, tunajikwaa.

Fikirini mkristo wetu anayemtembelea mama Mwingereza mwenye watoto sita. Anataka kumsifu kwa baraka ya uzao: "Una watoto wengi sana!" Akisema "You have too many children", amemwambia kwamba watoto wake wamezidi, ingefaa wawe wachache. Sifa imegeuka lawama, na mwenyewe hajui kwa nini mama amenyamaza. Aseme "so many children" au "a big family", na mama atafurahi.

"Quite": neno lenye nyuso tatu

Sasa tufike kwenye neno lililonikwaza. "Quite" ni neno gumu kwa sababu Waingereza na Wamarekani hawalitumii sawa. Mwingereza akisema kazi ni "quite good", mara nyingi anamaanisha inafaa, si mbaya, lakini ingeweza kuwa bora zaidi. Mmarekani akisema vilevile, mara nyingi anasifu kweli: nzuri, tena nzuri zaidi ya alivyotazamia.

Uso wa tatu unaonekana pale neno linalofuata halina daraja. "Quite impossible" ni haiwezekani kabisa. "Quite right" ni umesema sawa kabisa. Hapo hata Mwingereza anamaanisha ukamilifu.

Ongezeni hapo tabia ya Waingereza ya kupunguza maneno. Mwingereza akionja chakula chako na kusema "not bad", yaani si kibaya, huenda amekipenda kweli. Kwake, kupunguza ni adabu. Kwetu, kuongeza ni adabu: mgeni asiyesema "nzuri sana" mara mbili anaonekana kama hakufurahi. Basi mtafsiri anasimama kati ya adabu mbili, na kila upande unaweza kumsoma mwenzake vibaya.

Maneno yanayokataa "very"

Katika Kiswahili tunasema "amechoka sana", lakini hatusemi "mafuta yamekwisha sana". Tunasema "yamekwisha kabisa". Kuchoka kuna kiwango: kidogo, kiasi, sana. Kwisha hakuna kiwango: kimekwisha au hakijakwisha. Kwa hiyo "sana" inapima, na "kabisa" inafunga.

Kiingereza kinafuata njia hiyo hiyo. "Very" inapima, na maneno kama "absolutely" na "completely" yanafunga. Baridi inapimwa: "very cold". Lakini "freezing", baridi ya kugandisha, tayari iko mwisho wa kipimo, kwa hiyo wanasema "absolutely freezing". Uchovu unapimwa: "very tired". Lakini "exhausted", aliyeishiwa nguvu, anachukua "completely exhausted". Anayekumbuka tofauti ya "sana" na "kabisa" hatapotea mara nyingi.

Kuna pia vitendo na hali zinazochagua mkazo wake. Anayeomba radhi kwa uzito anasema "deeply sorry", kwa kina. Aliyeumia vibaya ni "badly hurt", na hapo Kiswahili na Kiingereza vimetumia neno la namna moja. Aliye na haja kubwa anasema "we badly need water". Msishtuke mkilisikia neno la "vibaya" mbele ya haja njema. Linatia mkazo tu.

Maneno ya kweli yanayochakaa

Neno "very" lina historia inayotugusa sisi tunaojua Kifaransa. Linatokana na neno la Kifaransa cha zamani lililomaanisha "kweli", lile lile ambalo leo tunaliandika "vrai". Liliingia Uingereza baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, na kwa muda mrefu lilibeba maana ya ukweli. Katika Kiingereza cha zamani cha Ungamo la Imani la Nikea, neno "very" limesimama pale ambapo sisi tunasema Mungu "kweli". Halikuwa na maana ya "sana" pale. Ndugu yake ni "verily", ambalo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitumia mahali pa "Amin" ya Bwana Yesu. Mnakumbuka kwamba katika Injili ya Yohana "Amin" hiyo imerudiwa mara mbili: mkazo wa kurudia, kama wetu.

Basi neno lililokuwa ushuhuda wa kweli lilitumiwa kila siku, kwa kila jambo, hata likabaki na maana ya "sana" tu. Ukweli ukatoka, mkazo ukabaki. Halafu watu wakatafuta neno lingine la kweli ili wasadikiwe. Wakachukua "really", yaani kwa uhalisi. Mwaka 2003 watafiti Rika Ito na Sali Tagliamonte walichapisha uchunguzi wao juu ya maongezi ya watu wa mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Waliona kwamba wazee wanapenda "very" na vijana wanapenda "really". Kizazi kipya kilikuwa kinaacha neno lililochakaa.

Nalo "really" linachakaa. Siku hizi wengi wanatumia "literally", ambalo maana yake ya asili ni neno kwa neno, bila mafumbo. Kijana anasema "I literally died", huku yuko hai anacheka. Kamusi kubwa za Kiingereza zimeyaandika matumizi hayo. Mtafsiri asimwambie mama wa kijana huyo kwamba mtoto wake alikufa kweli.

Maneno ya hofu nayo yalipita njia hiyo. "Awful" lilikuwa neno la kicho, jambo linalomfanya mtu ainame. Leo "awfully nice" ni nzuri sana tu. Vivyo hivyo sisi tunasema "tajiri wa kutisha", na hakuna anayemkimbia tajiri huyo.

Mwandishi Mkristo C. S. Lewis alimwandikia msichana mmoja wa Marekani barua ya mashauri juu ya uandishi mwaka 1956. Alimwonya asitumie neno kubwa kuliko jambo lenyewe. Anayesema "isiyo na mwisho" juu ya jambo lililo kubwa tu, alieleza, atakosa neno siku atakapotaka kunena juu ya kitu kisicho na mwisho kweli. Sisi tunaohubiri na kushuhudia tunalihitaji onyo hilo. Kama kila kikao ni "cha ajabu" na kila mchango ni "mkubwa kupita yote", siku Mungu atakapotenda ajabu tutasema nini?

Mkazo unaotoka katika viapo

Wazazi na walimu wa shule ya jumapili, sehemu hii ni yenu. Kiingereza kinachukua mkazo mwingi katika viapo na laana. Maneno "damn" na "hell", yaani laana na jehanamu, yanatiwa mbele ya neno lolote ili kulipa nguvu. Uingereza wana pia "bloody", la damu. Mwaka 1914, mchezo wa George Bernard Shaw uitwao Pygmalion ulipoonyeshwa London, mchezaji alilitamka neno hilo jukwaani na magazeti yakalifanya habari. Leo halishtui hivyo, lakini bado halifai mbele ya mzee, katika barua, wala kanisani.

Mtoto anayejifunza Kiingereza kwa filamu anayasikia maneno haya pamoja na "very" na "so", na hawezi kujua kwamba uzito wake ni tofauti. Anadhani yote ni "sana". Tusimpige. Tumweleze. Tumweleze pia kwamba "gosh" ni jina la Mungu lililogeuzwa kidogo, na "gee" ni jina la Yesu lililokatwa. Waingereza wengi wanayatamka bila kufikiri, bila nia ya kukufuru. Lakini mkristo wetu akijua asili yake, atachagua mwenyewe. Bwana alifundisha katika Mahubiri ya Mlimani kwamba ndiyo ya mtu itoshe bila kuapa. Fundisho hilo linahusu pia lugha tunazojifunza ukubwani.

Kwa anayetafsiri

Mwisho, neno la kazi. Mkazo ukikosewa katika maongezi ya kawaida, tunacheka na kuendelea. Lakini kuna mahali ambapo uzito wa neno ni uzito wa maisha. Fikirini mama mkimbizi mbele ya daktari huko Uganda. Anasema "inauma kidogo tu", kwa sababu alilelewa kutolalamika mbele ya wageni, ingawa hakulala usiku mbili. Mtafsiri akisema "a little" na kunyamaza, daktari atampa dawa ya maumivu na kumrudisha nyumbani. Mtafsiri akisema "too much" kwa kumhurumia, ameongeza neno ambalo mama hakulisema, na siku nyingine daktari hatamwamini.

Afanye nini basi? Atafsiri "a little", kisha aombe ruhusa ya kuuliza: "Mama, umelala? Umekula? Unaweza kuinama?" Madaktari wengi wenyewe huuliza kwa hesabu: toka 0 mpaka 10, maumivu yako ni ngapi? Hesabu inavuka kutoka lugha hadi lugha bila kupoteza uzito. Jambo lililoonekana linavuka vilevile. "Hajalala usiku mbili" lina nguvu kuliko "sana" kumi.

Raporti zetu ziko vivyo hivyo. Tukiandika kwamba "watu wengi sana" walihudhuria semina, msomaji wa mbali hajui kama ni 40 au 400. Tukiandika idadi, hatuhitaji "sana". Neno la mkazo ni kama chumvi: halichukui mahali pa ugali.

Nami, kila mgeni anaposema "quite", sasa ninasimama kidogo na kumuuliza: "Unataka kusema inafaa, au unasifu?" Mara ya kwanza niliona haya kuuliza hivyo mbele ya watu, maana mtafsiri anapenda kuonekana anajua yote. Lakini haya ya dakika moja ni nyepesi kuliko zile wiki tatu za wazee wa komite waliomdhania mgeni wao kuwa mwongo.

Mungu awabariki.